TRS-80 Model 100

TRS-80 Model 100 ni kompyuta ndogo ya kubebeka iliyoanza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1983 na kampuni ya Tandy, kupitia maduka yake ya Radio Shack. Ilitengenezwa Japani na kampuni ya Kyocera. Ukubwa wake unakaribia ule wa daftari nene, uzito wake hauzidi kilogramu mbili, nayo ina kibodi kamili na skrini ya mistari minane. Inatumia betri nne za kawaida za AA, zile zinazotiwa katika redio ndogo na tochi. Kwa betri hizo iliweza kufanya kazi kwa takriban saa 20.

Haikuwa kompyuta ya kwanza ya kubebeka, wala ya kwanza kutumia betri. Inakumbukwa kwa sababu ni miongoni mwa kompyuta za kwanza ambazo watu wengi walizitoa nje ya ofisi na kufanyia kazi ya kweli, hasa waandishi wa habari. Pia ni mashine ya mwisho ambayo Bill Gates, mwanzilishi mwenza wa Microsoft, aliandika kwa mkono wake sehemu kubwa ya programu zake.

Usuli

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 neno "kubebeka" lilikuwa na maana pana sana. Osborne 1, iliyotoka mwaka 1981, iliuzwa kama kompyuta ya kubebeka ilhali ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilogramu 11, ukubwa wa sanduku la cherehani, na skrini ya inchi 5. Aliyeibeba alipaswa kutafuta soketi ya umeme kila alikofika. Ilikuwa kompyuta ya kuhamishika, si ya kutumiwa njiani.

Mwaka 1982 ilitokea GRiD Compass, yenye kasha la magnesi na skrini bapa inayokunjwa juu ya kibodi. Umbo hilo ndilo ambalo vipakatalishi vinalo hadi leo. Lakini bei yake ilizidi dola 8,000 na haikuwa na betri. Wateja wake walikuwa mashirika makubwa na serikali ya Marekani. Shirika la NASA liliitumia katika vyombo vyake vya anga.

Njia nyingine ilianzia Japani. Mhandisi Yukio Yokozawa wa kampuni ya Suwa Seikosha, iliyokuwa katika kundi moja na Epson, alibuni mwaka 1980 kompyuta yenye ukubwa wa karatasi ya A4. Iliuzwa kwa jina la Epson HX-20. Ilikuwa na betri za kuchajiwa, printa ndogo ndani yake, kinasa cha kaseti ndogo, na uzito wa kilogramu 1.6 hivi. Wanahistoria wengi huihesabu kuwa kompyuta kamili ya kwanza ya kuchukuliwa mkononi. Kasoro yake kubwa ilikuwa skrini: mistari minne tu, kila mstari herufi 20. Kuandika barua katika skrini hiyo ni kama kusoma gazeti kupitia tundu la ufunguo.

Asili

Kiungo kati ya makampuni yaliyohusika alikuwa Kazuhiko Nishi, kijana Mjapani aliyeongoza kampuni ya ASCII na kuiwakilisha Microsoft katika Asia ya Mashariki. Nishi aliona kwamba skrini mpya za fuwele za kioevu sasa ziliweza kuonyesha mistari minane ya herufi 40, na kwamba kiasi hicho kingetosha kwa mtu kuandika kwa raha. Kyocera ya Kyoto, iliyokuwa ikijulikana zaidi kwa bidhaa za kauri, ilikubali kuitengeneza mashine, na Microsoft ikaandika programu zake.

Kyocera yenyewe iliiuza Japani kwa jina la Kyotronic 85, lakini haikupata soko kubwa huko. Ubunifu uleule ulichukuliwa na makampuni matatu ya nje na ndani ya Japani. Tandy iliuita Model 100, NEC iliuita PC-8201, na Olivetti ya Italia iliuita M10. Ndugu hawa walitofautiana kidogo: M10 ilikuwa na skrini inayoinuliwa kidogo ili isomeke vizuri, na PC-8201 ilikuwa na vitufe vya mishale vilivyopangwa vizuri zaidi kuliko vya Tandy. Iliyofanikiwa kuliko zote ni ya Tandy, na sababu haikuwa ubora wa mashine peke yake. Radio Shack ilikuwa na maelfu ya maduka, hata katika miji midogo, na mnunuzi aliweza kuishika, kuijaribu na kuondoka nayo siku hiyohiyo.

Umbo na sehemu zake

Model 100 haikunjwi. Ni ubao mmoja: skrini juu, kibodi chini, vyote vikitazama juu. Upana wake ni sentimita 30, kina chake sentimita 21 na nusu, na unene sentimita 5. Prosesa yake ni 80C85 ya biti 8 inayokwenda kwa kasi ya megahezi 2.4. Kumbukumbu ya kudumu ina kilobaiti 32, nayo kumbukumbu ya kazi ilianzia kilobaiti 8 na iliweza kuongezwa hadi 32 kwa kuchomeka chipu za ziada.

Kibodi yake ilisifiwa tangu siku ya kwanza. Vitufe ni vya ukubwa wa taipureta, vimepangwa kwa mpangilio uleule, na mtu aliyezoea kupiga taipu kwa vidole kumi hakuhitaji kujifunza upya. Juu yake kuna safu ya vitufe vidogo: vinane vya kazi mbalimbali, vinne vya amri, na vinne vya kusogeza kishale.

Skrini ina nukta 240 kwa 64 na haina taa. Inasomeka kwa mwanga unaoiangukia, hivyo juani inaonekana vizuri kuliko skrini nyingi za leo, na gizani haionekani kabisa. Pembeni kuna kigurudumu cha kurekebisha weusi wa herufi. Nyuma na ubavuni zipo tundu za printa, laini ya simu, kinasa sauti cha kaseti, kisomeo cha msimbo pau, na mawasiliano ya mfuatano na kompyuta nyingine.

Umeme na kumbukumbu

Saa 20 kwa betri nne ndogo ni jambo linalowashangaza hata watumiaji wa sasa, lakini maelezo yake si magumu. Prosesa na chipu za kumbukumbu ni za aina ya CMOS, ambayo hula umeme hasa pale inapobadilisha hali. Ikikaa kimya hula kidogo mno. Skrini ya fuwele haitoi mwanga, inazuia tu mwanga uliopo. Hakuna diski inayozunguka, hakuna feni, hakuna injini ya aina yoyote. Mashine ikiachwa bila kuguswa kwa dakika 10 hujizima yenyewe. Betri zikikaribia kwisha, taa ndogo nyekundu huwaka juu ya kibodi, na mtumiaji huenda dukani kununua nyingine. Duka hilo lingeweza kuwa popote, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Betri ya kuchajiwa inakutaka urudi kwenye umeme. Betri ya AA inahitaji kioski tu.

Uamuzi mwingine muhimu ulihusu mahali pa kutunza maandishi. Kompyuta nyingi za wakati ule zilipozimwa zilisahau kila kitu, na mtumiaji alipaswa kuhifadhi kazi yake katika flopi au kaseti. Katika Model 100 mafaili yanakaa ndani ya kumbukumbu ya kazi yenyewe, na betri ndogo ya nikeli na kadmi iliyounganishwa kwenye bodi huendelea kuilisha kumbukumbu hiyo hata mashine ikiwa imezimwa na betri za AA zimetolewa. Matokeo yake ni kwamba hakuna kusubiri. Ukiwasha, orodha ya mafaili inatokea papo hapo. Ukizima katikati ya sentensi, utaikuta sentensi yako pale ulipoiacha. Hakuna amri ya kuhifadhi, kwa kuwa faili haliko mahali pengine.

Mpango huo ulikuwa na hatari yake. Kulikuwa na nakala moja tu ya kila andiko, na nakala hiyo iliishi kwa kutegemea umeme kidogo usiokatika. Programu yenye kosa ingeweza kuvuruga kumbukumbu, na tiba ya mwisho ya mashine iliyokwama, yaani kubonyeza kitufe cha kuanza upya huku vitufe viwili vingine vimeshikiliwa, ilifuta kila kitu. Mashine iliyowekwa kabatini kwa miezi bila betri ilitolewa ikiwa tupu. Waliotegemea maandishi yao kwa riziki walijifunza mapema kuyatuma au kuyarekodi katika kaseti kabla ya kulala.

Nafasi nayo ilikuwa finyu. Hata ikiwa na kumbukumbu ya juu kabisa, mashine tupu ilimwonyesha mtumiaji kuwa amebakiwa na baiti 29,638. Baiti moja ni herufi moja, kwa hiyo hapo panaingia maneno kama 5,000 ya Kiingereza. Maneno ya Kiswahili, yaliyo marefu zaidi kwa wastani, yangeingia machache. Aliyenunua ile ya kilobaiti 8 alikuwa na sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo.

Programu

Programu tano zilikuja ndani ya kumbukumbu ya kudumu. BASIC ni lugha ya kuandikia programu, toleo la Microsoft. TEXT ni kihariri cha maandishi, chenye uwezo wa kukata kipande na kukibandika mahali pengine kwa kitufe kilichoandikwa PASTE. TELCOM ni ya mawasiliano kwa njia ya simu. ADDRSS na SCHEDL ni za anwani na ratiba.

Hizo mbili za mwisho zinaonyesha jinsi waandishi wake walivyobana matumizi. Hakuna hifadhidata yoyote ndani yake. Mtumiaji aliandika anwani zake katika faili la kawaida la maandishi, na ADDRSS ilitafuta tu neno aliloomba katika faili hilo na kumwonyesha mstari wenye neno hilo. TELCOM nayo ilisoma faili hilohilo na kupiga namba ya simu iliyokutwa humo. Kila kitu kilikuwa maandishi, na kila maandishi yaliweza kusomwa na programu zote.

Gates alifanya kazi hiyo pamoja na mhandisi mmoja Mjapani, na baadaye aliizungumzia mashine hii kwa mapenzi ambayo hakuyaonyesha kwa bidhaa nyingi zilizouzwa zaidi. Kubana BASIC, kihariri na mawasiliano katika kilobaiti 32 ni kazi ambayo watayarishaji wa programu bado huitazama kwa heshima.

Mashine ya waandishi wa habari

Kabla ya kompyuta za namna hii, mwandishi aliyekuwa mbali na gazeti lake alikuwa na njia chache. Aliweza kuandika kwa kalamu au taipureta, kisha akapiga simu na kuisoma habari nzima neno kwa neno kwa mtu aliyeipiga taipu upande wa pili, akitaja herufi za kila jina geni. Aliweza kutafuta teleksi. Kila njia ilikula muda, na kila mkono uliogusa habari uliweza kuongeza kosa.

Model 100 ya Amerika Kaskazini ilikuwa na modemu ndani yake yenye kasi ya biti 300 kwa sekunde. Hiyo ni herufi 30 kwa sekunde, karibu na kasi ya mtu anayesoma upesi. Mpokeaji aliweza kuyafuata maandishi yakitiririka katika skrini yake. Habari ya maneno 800 ilimalizika kwa muda usiofika dakika tatu. Ilifika kama ilivyoandikwa, ikiwa tayari ndani ya kompyuta ya gazeti, bila ya kupigwa taipu mara ya pili.

Tatizo lilikuwa simu zenyewe. Modemu ilihitaji waya uchomekwe ukutani, lakini simu za vibanda vya barabarani na za hoteli nyingi hazikuwa na pa kuchomekea. Kwa ajili hiyo Tandy iliuza vikombe viwili vya mpira vilivyovishwa kwenye mkono wa simu, kimoja kwenye kisikizi na kimoja kwenye kisemeo, na mashine ikazungumza na mwenzake kwa milio. Swichi ya pembeni ilichagua kati ya njia hizo mbili. Kelele ya mtaa ikipenya kwenye kikombe, herufi ziliharibika na kazi ilianza upya. Waandishi waliokuwa na subira ndogo walijifunza kufungua kisemeo cha simu ya hoteli na kuunga nyaya moja kwa moja kwa vibanio, jambo ambalo wenye hoteli hawakulipenda.

Matokeo yalionekana hasa katika michezo, mahakama na siasa, ambako tukio huisha jioni na gazeti hufungwa usiku. Mwandishi aliyekaa jukwaani uwanjani aliweza kuandika mchezo ukiendelea na kutuma dakika chache baada ya filimbi ya mwisho. Kwa gazeti la asubuhi, nusu saa iliyookolewa hapo ndiyo iliyoamua kama matokeo yangetoka kesho yake au keshokutwa. Mashine iliangushwa, ikabanwa ndani ya mikoba, ikamwagikiwa kahawa, na bado nyingi ziliendelea kufanya kazi. Jina la utani la kompyuta za TRS-80, "Trash-80", yaani takataka, lilikwisha kuwepo kabla ya Model 100 na liliihamia. Wengi waliolitumia walikuwa wakiipenda.

Haikuwa ya waandishi pekee. Mwezi Septemba 1983 Mmarekani Steven K. Roberts aliondoka Columbus, Ohio, kwa baiskeli ya kuendeshwa kwa kuegama, akiwa na Model 100 na paneli za jua. Alizunguka nchi kwa takriban kilomita 16,000, akijitafutia riziki kwa makala alizoziandika kando ya barabara na kuzituma kwa simu. Leo mtu anayefanya kazi huku akisafiri si habari. Wakati ule hapakuwa na jina la maisha hayo.

Upungufu

Mistari minane inatosha kwa aya moja, haitoshi kuuona mpangilio wa makala nzima. Kompyuta haikuweza kuendesha programu za IBM PC, ambazo tayari zilikuwa zikiteka ofisi. Mafaili katika kaseti yalihifadhiwa polepole na hayakuaminika sana. Kifaa cha flopi cha inchi 3.5 kilipatikana baadaye, lakini kikawa mzigo mwingine wa kubeba. Matoleo ya nje ya Amerika Kaskazini hayakuwa na modemu ile, kwa sababu kila nchi ilikuwa na kanuni zake za simu, na hivyo mnunuzi wa Ulaya alikosa sehemu iliyowafaa zaidi wenzake wa Marekani.

Warithi

Mwaka 1984 Tandy ilitoa Tandy 200, yenye skrini ya mistari 16 inayokunjwa na programu ya majedwali ndani yake. Mwaka 1986 ilifuata Tandy 102, ambayo ni Model 100 ileile iliyopunguzwa unene na uzito. Nchini Uingereza, Clive Sinclair alitoa Cambridge Z88 mwaka 1987, nayo ikiwa ubao mmoja wenye mistari minane na betri nne za AA.

Wakati huo soko lilikuwa limekwisha kugeuka. Toshiba T1100 ya mwaka 1985 ilikuwa na betri, skrini bapa ya mistari 25 na flopi, na iliendesha programu za IBM PC. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya maradufu na betri yake haikukaribia saa 20, lakini wateja wa ofisi walikubali mabadilishano hayo. Kwa miaka mingi iliyofuata muda wa betri wa saa mbili au tatu ulionekana kuwa wa kawaida. Wazo la mashine ya kuandikia tu liliendelea kuishi shuleni, hasa Marekani, katika kibodi za AlphaSmart zilizoanza kuuzwa miaka ya 1990.

Mahali pake katika historia

Swali la kipi kilikuwa kipakatalishi cha kwanza halina jibu moja, kwa kuwa jibu linategemea kinachopimwa. Anayetazama umbo hutaja GRiD Compass. Anayetazama betri na uzito hutaja Epson HX-20. Neno lenyewe la kompyuta ya mapajani huhusishwa na Gavilan SC ya mwaka 1983, iliyokuwa na betri na bei ya dola 4,000 hivi, na ambayo kampuni yake ilianguka mwaka uliofuata. Model 100 haishindi kwa kipimo chochote cha namna hiyo. Teknolojia zake zote zilikuwepo, na umbo lake halikurithiwa.

Inachoweza kudai ni matumizi. HX-20 ilionyesha kwamba kompyuta yaweza kutembea na betri. Model 100 iliwapa watu wasio mafundi sababu ya kutembea nayo kila siku. Kihariri, modemu na betri za dukani vilikuwa katika kifaa kimoja, kikiwaka papo hapo. Jarida la pekee kwa ajili yake, Portable 100, lilianza kuchapishwa mwaka huohuo wa 1983, na kikundi cha watumiaji kilichoitwa Club 100 kiliendelea kubadilishana programu na vipuri kwa miongo kadhaa.

Mashine nyingi bado zinafanya kazi. Adui wao mkubwa ni ile betri ndogo ya nikeli na kadmi, ambayo ikizeeka huvuja na kula njia za shaba za bodi. Wakusanyaji huikata na kuweka nyingine kabla ya kuiwasha mashine waliyoinunua. Wengine wameunda vifaa vinavyochomekwa kwenye tundu la mawasiliano na kuhifadhi mafaili katika kadi za SD, kadi moja ikiwa na nafasi kubwa kuliko kumbukumbu za maelfu ya Model 100 zikijumlishwa. Betri za AA ni zilezile.